Muulize Nesi: Sijavuka tena kwenda Pemba

Assalaam aleikum, Bi Nesi. Nakuamkia, shikamoo. Safu yako naisoma kila inapotoka, na barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, nimeolewa Unguja, nakaa Mwanakwerekwe, nina watoto wawili. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011, nilikuwa ndani ya ile meli. Nilikuwa na miaka 19. Nilikuja kwa shangazi kula Idd, nikawa narudi nyumbani. Sitaki kueleza yote. Taa zilizimika, nikajikuta majini, nikapata godoro. Yalikuwa yanaelea mengi, mizigo ya watu wa maduka. Kwenye godoro langu tulikuwa wawili, mimi na mama mmoja ambaye hata jina simjui. Alikuwa akiniambia nisilale, nitoe shahada, nimtajie majina ya ndugu zangu. Kabla ya alfajiri niligeuza mkono kutafuta pazuri zaidi pa kushika. Nilipotazama tena hayupo. Sikusikia hata maji kuruka. Kulipokucha wavuvi wakanipakia, nikashushwa Nungwi.

Watu walisema Alhamdulillahi, mtoto kapona. Nikaolewa, nikazaa. Lakini, Bi Nesi, silali kwenye godoro la sponji. Mume wangu nimemwambia ni mgongo, maskini akanitafutia godoro la sufi, zito, tunalianika kila Jumapili wawili wawili. Kwenye daladala nakaa mlangoni, na utingo akizidisha watu nashuka hata kama nimeshalipa. Jenereta la jirani likiwashwa, ile harufu ya dizeli inanitoa nje na mtoto mkononi, hata kama nilikuwa jikoni na chungu motoni. Nywele naosha kwa kikombe, kichwa nimekiinamisha nyuma, maji yasinipite usoni. Usiku naamka nimekamata shuka kwa vidole vyote kumi, mume wangu hawezi kunibandua.

Mwaka 2019, nilipojifungua mtoto wa pili, jirani alinipa kidonge chake kimoja, dayazepamu ya miligramu 5. Nililala kama mtoto niliyemzaa. Kesho yake nikaenda duka la dawa, nikauziwa bila cheti. Nilianza na nusu. Sasa ni viwili saa mbili usiku, na kimoja mchana nikiwa na safari. Ramadhani iliyopita duka lile lilifungwa siku nne. Mikono ilitetemeka mpaka nikamwaga uji wa futari, jasho likanitoka, na sakafu nikaiona inakwenda mrama.

Mama yangu yuko Wete. Miaka yote hii yeye ndiye anayekuja, mimi sijavuka hata mara moja. Mwezi uliopita kapata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, wala hawezi tena kusafiri. Ndugu zangu wanasema nimeota kiburi cha mjini. Dada yangu kasema hata akifa mama, mazishi nitayatazama kwenye simu.

Naomba unijibu. Nimeshakuwa mlevi wa vidonge? Siku ya safari nikimeza vinne au vitano kwa pamoja, nitaweza kufika? Na mama mkwe wangu anasema ni jini la bahari, lilinipanda usiku ule. Nimesomewa mara mbili, nikapata nafuu ya siku chache. Ni kweli?

Mama Wawili, Mwanakwerekwe

Waaleikum salaam, mwanangu. Marahaba. Umevitaja vitu vyote kwa majina yake isipokuwa meli. Na mimi sitaitaja. Kila mtu wa visiwa hivi anajua.

Nianze na lisilongoja. Usimeze vinne, wala vitano. Dawa hiyo hulegeza misuli na kuyumbisha mwendo, na wewe una ngazi ya kupanda, mzigo mkononi, pengine na mtoto. Ukiichanganya na tramadoli ya maumivu, na kodeini ya dawa ya kikohozi, au na pombe, inaweza kuzimisha pumzi. Lakini yenyewe peke yake ina ubaya mwingine ambao maduka hayausemi: inazuia ubongo kuweka kumbukumbu. Kiharusi kilichopiga upande wa kulia mara nyingi hugusa na usemi. Mama yako huenda atakuambia maneno mawili, kwa tabu, na wewe ungekuwa umekaa kitandani kwake unaitikia, halafu kesho yake huyakumbuki. Hutaki hivyo.

Panda ndege. Nimeona umeandika barua nzima bila kuitaja ndege, kama kwamba Pemba haina uwanja. Kutoka hapa mpaka Chake ni kama nusu saa. Najua nauli yake si ya boti, na najua utaniambia kwamba chini ni maji yale yale. Omba kiti cha upande wa njia, siyo dirishani, na uende na mtu. Wenzangu wa fani watanilaumu kwamba nakufundisha kuikimbia bahari, maana kweli kukwepa ndiko kunakoilisha hofu, na hilo nitalifikia. Lakini kiharusi cha mama hakiwezi kusubiri tiba yako iishe. Bahari inaweza. Siku hiyo meza kiasi kile kile ulichozoea, kwa saa zake, bila kuzidisha na bila kuruka. Chukua vya kutosha siku zote utakazokaa Wete, ndani ya pakiti yake, usije ukakatika huko kama Ramadhani.

Sasa ulevi. Nikuambie jambo ambalo sijaliandika kwenye safu hii. Wiki ile ya Septemba nilikuwa kazini, miongoni mwa wauguzi tulioitwa kukaa na waliookoka na waliofiwa. Watu walikuwa hawalali. Kina mama walikuwa wanakaa ukutani macho yamewatoka, hawali, hawalii. Mimi kwa mkono wangu niligawa vidonge hivyo hivyo, nikaona nimefanya hisani, maana waliovimeza walilala. Miaka miwili baadaye, 2013, Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: mtu aliyepatwa na janga, katika mwezi wa kwanza, asipewe dawa za jamii hiyo kwa ajili ya kutuliza mshtuko wake. Niliusoma mwongozo ule nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za wodi, nikazikumbuka sura. Kwa hiyo wewe uliyepewa kimoja na jirani, huyu anayekujibu si mtu wa kukunyooshea kidole.

Mlevi ni mtu anayetafuta ladha. Wewe hutafuti ladha yoyote, unatafuta usiku upite. Kilichokupata ni kwamba mwili umezoea. Dayazepamu inafanya kazi kama mtu anayekusaidia kukanyaga breki ya ubongo. Akikaa wiki nyingi, mguu wako mwenyewe unalegea, kisha unahitaji akanyage zaidi: nusu, kimoja, viwili. Akiondoka ghafla gari linaserereka. Ule mtetemo, lile jasho, sakafu kwenda mrama, ndiyo gari hilo. Na ulibahatika. Dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa, ndiyo maana siku nne hazikukufikisha mbali. Wapo wanaoiacha ghafla wakaanguka kifafa, watu ambao hawajawahi kuwa na kifafa.

Kwa hiyo usiiache kwa hasira baada ya kusoma haya. Inapunguzwa. Daktari atakupangia, kwa kawaida kipande kidogo sana kila wiki mbili au zaidi, na ukiona mwili unagoma mnasimama hapo hapo mpaka utulie, bila kurudi juu. Kwa mtu wa miaka mingi kama wewe inaweza kuchukua miezi sita, inaweza kufika mwaka. Nenda kliniki ya Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili. Najua utaogopa nani atakuona getini. Wagonjwa wangu wengi walikuwa wanasema wamekuja kumtazama mtu, na mimi nilikuwa nawaambia sawa, mtazame, kisha keti hapa.

Ulicho nacho madaktari wanakiita PTSD, sisi tunasema kiwewe. Mtu yeyote aliyetoka kwenye maji yale angeota ndoto mbaya wiki mbili tatu, hilo si ugonjwa. Linapovuka mwezi, likakupangia pa kukaa kwenye daladala na namna ya kuosha nywele, hapo limekuwa jingine. Mimi kama mtu wa wodini nalieleza hivi: mwili wako uliingia zamu usiku ule, na hakuna aliyekuja kuipokea. Mpaka leo uko zamu. Unahesabu abiria, unatafuta mlango, unanusa dizeli. Hauna wazimu hata kidogo. Unafanya kazi nzuri mno, kwa meli ambayo haipo.

Na vidonge havipokei zamu. Vinaisinzisha tu. Hapo ndipo ugomvi wangu navyo ulipo: kila ulipotoka salama kwenye safari ya mchana kwa kidonge kimoja, mwili haukujifunza kwamba barabara ni salama. Ulijifunza kwamba kidonge kimekuokoa.

Zipo dawa nyingine, nazo si za kulewesha. Setralini, fluoksetini, jamii hiyo; na pale zisipopatikana madaktari wetu huandika amitriptilini, ya zamani lakini ipo. Hizi humezwa kila siku, uwe na hofu usiwe nayo, na hazionyeshi kitu kabla ya wiki mbili, mara nyingi nne mpaka sita. Siku za mwanzo tumbo linaweza kuchafuka na wasiwasi ukapanda kidogo, na hapo ndipo watu wengi wanapozitupa, wakisema dawa yenyewe imenizidishia. Hamu ya ndoa nayo inaweza kupungua. Mwambie daktari, usione haya, kuna kubadilisha. Ukipata nafuu utaendelea nazo miezi mingi bado, na kuziacha nako ni kwa kupunguza. Usimpe jirani yako hata kimoja. Wewe ndiye shahidi wa kilichotokana na kimoja cha jirani.

Ila kama ningeambiwa nichague kimoja tu, ningechagua mazungumzo. Siyo ya kufarijiana. Kule Uganda, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kulifanywa utafiti uliochapishwa 2008 na wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali, watu walioona vita. Waliowatibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi hiyo. Vikao sita. Baada ya miezi tisa, kati ya kila kumi waliopita njia ya kusimulia maisha yao, karibu saba hawakuwa tena na kiwewe cha kuandikwa ugonjwa. Wale walioachwa bila tiba, ni kama wanne tu. Wengine walipewa ushauri wa namna tofauti, nao walikaribia sana wale wa kwanza. Hilo nalipenda, maana linaonyesha hukosi kupona kwa kukosa mtaalamu wa jina refu.

Njia yenyewe ina kamba. Unatandika kamba sakafuni, hiyo ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka ua pale palipokuwa na jema, na jiwe pale palipokuwa na zito. Wewe utaweka jiwe lako Septemba 2011, lakini utalazimika kuweka na maua: Wete ulipokuwa mdogo, harusi, watoto. Kisha unasimulia tangu mwanzo, kwa mpangilio, na ukifika kwenye jiwe huliruki. Anayekusikiliza anakuuliza taratibu: ulisikia nini, mikono ilikuwa wapi, sasa hivi unasikia nini kwenye kifua. Unalia, anasubiri. Kiwewe kinakaa vipande vipande bila tarehe, ndiyo maana dizeli ya jirani ya leo inakuwa dizeli ya usiku ule. Kusimulia ndiko kunakokipa tarehe. Uliza kliniki ni nani anayefanya kazi ya namna hii, na usikubali kuisimulia kwa kila mtu kwenye kibaraza. Hiyo inachosha bila kutibu.

Na ukifika kwa yule mama wa kwenye godoro, msimulie na yeye. Nimeona umeandika kwamba uligeuza mkono, na sentensi inayofuata hayupo. Umeviweka pamoja kama kwamba kimoja kimezaa kingine. Umesema ilikuwa kabla ya alfajiri. Meli ilizama baada ya saa sita ya usiku. Kwa hiyo mlikuwa majini saa kadhaa, na vidole vilivyoshika kitu kilicholowa saa kadhaa hukakamaa, kisha hufunguka vyenyewe, mwenye vidole asijue. Wewe ulipata nguvu ya kugeuza mkono kwa sababu alikuweka macho. Sikuambii haya ili yakuingie leo. Yatachukua muda wake.

Jini. Mimi ni binti wa Kipemba kwa upande wa mama, siwezi kukudanganya kwamba nimelelewa nisiamini kuna viumbe tusivyoviona. Lakini nimekaa wodini miaka zaidi ya thelathini, na dalili ulizoziandika nimezisikia kwa dereva aliyegongana na lori, kwa binti aliyevunjiwa mlango na wezi, kwa askari aliyerudi vitani, watu ambao hawajatia mguu baharini. Kisomo kilikupa nafuu siku chache, naamini. Kukaa na watu wanaokuombea, sauti tulivu, pumzi inashuka, vyote hivyo ni dawa. Endelea nacho. Mama mkwe wako anakupenda kwa lugha anayoijua, usibishane naye. Ugomvi wangu ni na mganga atakayekuambia uache dawa, au atakayekupeleka ufukweni akakuzamisha kichwa ili jini litoke. Huyo mkimbie.

Sasa bahari yenyewe, kwa wakati wake, ukishakuwa na mtu wa kliniki anayekwenda nawe. Mtapanda kama ngazi. Kukaa Forodhani kwenye ukuta, mchana, mpaka moyo upande na ushuke. Hapo ndipo siri ilipo: usiondoke ukiwa juu. Ukiondoka hofu ikiwa kileleni umeipa ushindi, ukikaa, inachoka yenyewe, huenda kwa dakika 20, huenda kwa saa nzima. Urudi kesho, na keshokutwa. Baadaye bandarini Malindi, kutazama watu wakishuka. Baadaye mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu, kinachoonekana hapo hapo, huku umelishika jaketi lako la kuokolea maisha na kuhakikisha wewe mwenyewe kwamba watu hawakuzidi. Hiyo ya kuhesabu watu usiiache, ni busara siyo ugonjwa, na laiti kila abiria angekuwa nayo. Boti ya Pemba iwe ya mwisho. Yote hayo bila kidonge cha mchana, ndiyo maana vinatangulia kupunguzwa.

Hofu ikikushika njiani kabla ya hapo, refusha pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia, kanyaga chini kwa visigino, useme kwa sauti leo ni siku gani na uko mtaa gani. Funga karafuu mbili tatu kwenye pindo la kanga, uzitafune. Ladha kali hukurudisha mahali ulipo. Ni karafuu tu, usije ukaifanya hirizi.

Lakini ngazi yako haianzi Forodhani. Inaanzia chumbani. Mwambie mumeo kuhusu godoro. Mwanamume anayebeba godoro la sufi kila Jumapili kwa ajili ya mgongo ambao hauumwi anastahili kujua anabeba nini. Huna haja ya kumweleza usiku mzima, mwambie tu: siwezi sponji, kwa sababu nililishika lile. Kisha mkipata nafasi, mkate kipande cha sponji kikavu, kiasi cha kiganja, mkiweke juu ya meza mchana, mlango wazi, watoto wakiwa shule. Ukiguse. Ukiweza kukishika dakika tano, umeshaanza. Usipoweza, kiacheni hapo mezani mnywe chai, na yeye akishike.

Ndege kwanza, lakini. Na ukirudi niandikie mama amekuambia nini.